Beringi za Bi Zuhura

Enzi zetu pale Kibeta, beringi kuukuu ilikuwa mali. Mtoto aliyeokota moja kwenye takataka za gereji alitembea nayo mfukoni wiki nzima, akiizungusha kwa kidole na kuwaringia wenzake. Ukipata nne ulikuwa na gari: ubao wa kukalia, vipande viwili vya mti vya kubebea magurudumu, kamba ya kuongozea mbele, kisha unapanda mteremko na kushuka kwa kelele iliyowatoa kuku wote barabarani. Asiyekuwa na beringi aliteleza kwa gome la mgomba, akafika chini na sketi ya kijani nyuma, na mama yake akajua alikokuwa kabla hajaulizwa. Watoto wa siku hizi nikiwasimulia haya wananitazama kwa huruma, kama vile nilikulia vitani.

Mimi na mdogo wangu Asimwe tulikuwa na beringi tatu. Mwaka mzima tulikuwa tunatafuta ya nne, na ndiyo maana siku pikapu ya baba ilipoanza kunguruma, sisi wawili peke yetu pale nyumbani ndio tuliofurahi.

Baba tulimwita Tata, kama wanavyoitwa baba wote kwetu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa suruali yenye mstari na kalamu mbili mfuko wa shati, aliyesahihisha hata barua alizoandikiwa na ndugu zake. Pikapu ile aliipata kutoka misheni ya Kashozi, baada ya mapadri kuitumia miaka mingi kubebea saruji na ndizi. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, mlango wa kulia ulifungwa kwa kamba, na Tata aliipenda kiasi kwamba Mae, yaani mama yetu, alikuwa akimuuliza kama amekwisha kuisalimia kabla ya kumsalimia yeye.

Ijumaa moja alirudi kutoka Kashozi na gurudumu la mbele la kushoto likinguruma kama jiwe la kusagia. Tulilisikia tangu kona ya chini. Alishuka, akalipiga jeki, akalishika tairi kwa mikono miwili juu na chini, akalitikisa. Likacheza, kama jino la mtoto linalotaka kutoka.

"Beringi zimekwisha," alisema.

Asimwe alinifinya mkono. Tukaanza kuhesabu.

Kwa Mae ilikuwa habari mbaya sana. Mama yake, bibi yetu wa Kamachumu, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa akipapasa ukuta kwenda jikoni, na mwezi uliopita alikuwa amemimina mafuta ya taa kwenye maharage akidhani ni maji. Hospitalini mjini kulikuwa na madaktari wa macho waliokuja mara moja kwa mwaka. Wangempokea Jumatatu asubuhi, na katikati ya wiki wangeondoka. Bibi alikuwa ameshakataa mara mbili miaka iliyopita. Mara ya kwanza alisema kuku wake wanataga. Mara ya pili alifika mpaka barabarani, basi likaja, akasikia harufu yake, akageuka akarudi kitandani. Safari hii alituma ujumbe kwamba atakuja, ila kwa gari la mkwewe, siku ya Jumapili baada ya ibada, na si siku nyingine.

"Mama akisema ndiyo, inabidi umchukue siku hiyohiyo," Mae alisema. "Ukichelewa, ile ndiyo inaoza."

Fundi aliyekuwa akitutengenezea gari, kule Rwamishenye, alikuwa amepanda meli kwenda Mwanza na hakuna aliyejua angerudi lini. Maduka ya vipuri mjini hayakuwa na saizi ile. Tata alizunguka Jumamosi asubuhi kwa baiskeli, akarudi akiwa amelowa jasho, akakaa kwenye ngazi.

"Tutakwenda hivyohivyo, mpola mpola," alisema, yaani polepole, taratibu.

Mae alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Mteremko wa Muhutwe unaujua. Gurudumu likichomoka pale, mama yangu hatahitaji tena daktari wa macho. Wala sisi."

Akatumbukiza ndizi sufuriani. Ndipo Mae alipotaja jina la Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa jirani yetu wa chini ya kibanja chetu cha migomba, mjane, mtu wa familia ya Waislamu wa mjini ambao babu yao alikuja kutoka pwani zamani akifanya biashara. Alikuwa na Kiswahili laini ambacho Tata, pamoja na ualimu wake, alikisikiliza kwa wivu kidogo. Marehemu mumewe alikuwa fundi magari. Alifanya kazi uani kwake, na kwa kuwa hawakujaliwa watoto, msaidizi wake kwa miaka ishirini alikuwa mkewe. Sisi tulikuwa tunamjua kwa maandazi. Hatukujua kwamba mikono ile iliyokanda unga ilikuwa imefungua injini za malori. Tangu mumewe afariki, sanduku la vyombo lilikuwa chini ya kitanda, na inasemekana hakuwahi kulifungua.

"Nikamwombe mwanamke anifundishe gari?" Tata aliuliza.

"Hapana," Mae alisema. "Nitakwenda mimi. Wewe utafundishwa tu."

Alinichukua mimi. Tulimkuta Bi Zuhura akianika unga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akatukaribisha mkekani. Mae alimweleza yote: macho ya Bibi, madaktari, ngurumo. Bi Zuhura alisikiliza akisugua vidole vyake, maana viungo vilikuwa vimeanza kumkaza na kuvimba.

"Ni ile pikapu ya Kashozi?" aliuliza.

"Ndiyo."

Aliacha kusugua vidole. Kisha akasimama, akaingia ndani, na tukasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Alikaa huko muda mrefu. Mae alinitazama akaweka kidole mdomoni nisiseme kitu. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, na mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vifurushi vinne vya karatasi ya mafuta, vimefungwa kwa uzi.

"Marehemu alizinunua kwa ajili ya gari hilohilo," alisema. "Alikuwa amepanga kuzifunga wiki inayofuata. Wiki yenyewe hakuiona. Mapadri nao hawakuuliza tena, na mimi sikuwa na moyo wa kuwapelekea." Akamkabidhi Mae lile kopo, akanigeukia mimi. "Koku, mwanangu, shika upande wa pili wa sanduku, twende."

Sanduku lilikuwa zito, mkono wa kushikia ulinikata vidole, na sikuthubutu kuliweka chini mpaka tulipofika nyumbani.

Basi ikaanza siku ambayo Tata alifundishwa. Bi Zuhura aliwekewa kiti uani, akakaa na khanga yake mabegani, na kwa kuwa vidole vyake havikuweza tena kukaza spana, alifanya kazi kwa mdomo na masikio. Kabla gari halijainuliwa, alimfanya Tata alegeze nati za tairi likiwa chini. Akamwambia aweke mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Jeki ilipoinua, akaagiza gogo la mwerezi liwekwe chini ya gari.

"Jeki inatosha, Bi Zuhura," Tata alisema.

"Jeki ni ya kuinulia, Mwalimu. Ya kulalia chini yake ni gogo."

Tata akaenda kuleta gogo.

Tairi likatoka. Kikafuata kifuniko kidogo cha chuma katikati, halafu pini iliyopindwa, ambayo Tata aliinyoosha kwa koleo akiwa ametoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza anayeandika. Kisha nati kubwa, kisha akalivuta gamba zima la gurudumu, kile chuma cha katikati kinachobeba tairi, likamjia kifuani pamoja na beringi zake. Grisi ilikuwa imekuwa nyeusi na nyembamba kama uji wa mtama, ikinuka kuungua. Bi Zuhura aliomba apewe beringi moja. Aliizungusha sikioni, akanipa na mimi.

"Unasikia nini?"

"Mchanga," nilisema.

"Si mchanga. Ni chuma kimeliwa. Ipitishe kucha hapa." Nikapitisha kucha, nikahisi vishimo vidogovidogo kama ngozi ya ndimu. "Hivyo vishimo ndivyo vinavyonguruma."

Asimwe alikuwa amesogea karibu kudai urithi wetu. Lakini tulipoitazama vizuri ile beringi tuliona msiba. Haikuwa kama zetu. Haikuwa na gololi, bali vijiti vifupi vilivyolala mshazari, na pete yake ya nje ilikuwa imebaki ndani ya gurudumu, haishikani nayo. Hata zote mbili zikitolewa, zinaachana. Kwa gari la watoto haikufaa kitu. Asimwe alilia kwa uchungu wa kweli, na Bi Zuhura akamtuma akaoshe chombo cha mafuta ya taa ili apate la kufanya.

Kazi ngumu ilikuwa zile pete za nje, ambazo zilibaki zimebana ndani ya gamba la gurudumu. Zilitolewa kwa tindo na nyundo, pigo dogo huku, pigo dogo kule, kuzunguka, zisipindike. Kuingiza mpya kulitaka uangalifu zaidi. Bi Zuhura alimwambia Tata aweke pete ya zamani juu ya mpya kisha agonge ile ya zamani, ili mpya isiguswe na nyundo. Tata akagonga. Sauti ikawa nyembamba, ti, ti, ti. Mara akaacha, akafuta jasho.

"Imefika."

"Haijafika," Bi Zuhura alisema akiwa ametazama upande wa migomba. "Endelea. Itakwambia yenyewe."

Tata akanitupia jicho. Alikuwa mtu aliyezoea kuwaambia wengine kwamba hawajafika. Akagonga tena, polepole, akizunguka. Na hapo sote tukasikia: sauti ikageuka, ikawa nzito, to, to, kama kugonga mlango wa nyumba yenye watu.

"Sasa," Bi Zuhura alisema. Na Tata, ambaye sikuwahi kumwona akisifiwa na mtu, akatabasamu chini ya masharubu yake.

Majirani walikuwa wameanza kujaa. Wakati ule gari likifunguliwa uani, habari ilikuwa ya mtaa mzima. Mmoja alileta taa ya kumulika ndani ya gurudumu ingawa jua lilikuwa linawaka. Mwingine alileta kahawa ya kutafuna, akagawa punje mbilimbili. Wazee walibishana kama grisi nyekundu ni bora kuliko nyeusi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na gari. Mae alipakua ndizi na maharage kwenye majani ya mgomba, na kila aliyekuwepo akala, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa amekuja kutafuta mbuzi wake na akamsahau.

Kupaka grisi nilipewa mimi, kwa sababu viganja vyangu vilikuwa vidogo na nilikuwa nimenawa. Bi Zuhura alinionyesha: weka fungu la grisi kiganjani, halafu ikandamize beringi ukingoni, tena na tena, mpaka grisi itokee upande wa pili katikati ya vijiti. "Usiipake juu kama mafuta ya mwili," alisema. "Ilishe." Niliilisha. Mpaka leo nikikanda unga wa chapati naikumbuka ile grisi baridi ikipenya taratibu.

Ilipofika kwenye kukaza nati, mwalimu na mwanafunzi waligombana. Tata alitaka kukaza mpaka mwisho. Bi Zuhura akasema azungushe gurudumu huku akikaza, kisha alegeze kidogo. Alifanya, Bi Zuhura akamwambia afungue aanze upya. Akafanya tena. Akaambiwa afungue. Mara ya tatu Tata aliweka spana chini.

"Bi Zuhura, mimi nina familia itakayopanda gari hili. Nataka likaze."

"Ndiyo maana nakuzuia, Mwalimu," alisema bila kupandisha sauti. "Ukikaza mno, inapata moto, inaungua, inakushika njiani. Ukilegeza mno, inacheza. Marehemu alikuwa anasema, kaza mpaka ikatae, kisha iombe radhi."

Watu walicheka. Tata akaokota spana. Akakaza huku akizungusha, ikakataa, akairudisha kidogo sana. Akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja. Likazunguka kimya kabisa, likazunguka, tukalitazama wote mpaka liliposimama lenyewe. Akalishika juu na chini, akalitikisa. Halikucheza. Bi Zuhura alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Nadhani hakuwa anafuta jasho. Pini mpya ikafungwa, kifuniko kikarudi, na upande wa pili wa gari Tata akaufanya bila kuambiwa kitu, ila kila alipomaliza hatua alimtazama Bi Zuhura kwanza, naye akatikisa kichwa kukubali.

Jumapili, baada ya ibada, tuliondoka watatu, Tata, Mae na mimi. Bi Zuhura alikuwa ameagiza kwamba tukifika Kemondo tusimame, tuweke kiganja katikati ya gurudumu. Likiwa vuguvugu, twende. Likichoma, turudi. Tata alisimama, akachuchumaa, akaweka mkono. Kisha akaniita na mimi niweke wangu. Lilikuwa vuguvugu kama yai lililotoka kutagwa.

Bibi tulimkuta amekaa mlangoni na kifurushi chake, amevaa tangu alfajiri. Kulikuwa na jambo moja tu la kupanga. Yeye na Tata, kwa heshima ya mkwe na mama mkwe, hawakukaa bega kwa bega wala kusemeshana moja kwa moja. Mae akapanda nyuma pamoja na mikungu ya ndizi, mimi nikakaa katikati kama ukuta, na njia nzima ya vumbi kutoka Kamachumu nikawa simu yao.

"Mwambie baba yako," Bibi alisema tulipokuwa tunashuka mteremko wa Muhutwe, "niliambiwa gari lake linanguruma. Mbona silisikii?"

Tata akakohoa. "Mwambie bibi yako tumelitengeneza."

"Mwambie baba yako, alilitengeneza nani?"

Nilimwangalia Tata. Ningeelewa kama angesema ni yeye. Alikuwa na vidonda vya vidole kuthibitisha. Alibadilisha gia, akasema, "Mwambie bibi yako, Bi Zuhura. Mimi nilikuwa mikono tu."

Bibi aliingia hospitali Jumatatu. Jicho la kwanza lilipofunguliwa, chumba kilikuwa kimejaa: Mae, Asimwe, mimi, Bi Zuhura na kikapu chake cha maandazi, na Tata amesimama karibu na mlango. Bibi alipepesa macho muda mrefu, maji yakimtoka. Akaniona mimi kwanza.

"Kumbe una pengo," alisema.

Kisha akamtazama mgeni aliyekuwa kando ya kitanda, akauliza huyu ni nani, na alipoambiwa, alimshika Bi Zuhura mikono yote miwili, akaigeuza, akavitazama viungo vyake vilivyovimba, kimoja kimoja. "Kasinge, waitu," alimshukuru kwa Kihaya. Bi Zuhura, aliyezaliwa na kukulia kwetu, akajibu kwa Kihaya safi kuliko cha Tata. Bibi akageuza macho yake mapya mlangoni. "Koku, mwambie baba yako kucha zake zina grisi. Akanawe."

Baada ya pale Bi Zuhura hakulirudisha sanduku chini ya kitanda. Jumamosi alikuwa akiitwa huku na huku, anawekewa kiti, na wanaume wazima wanalala chini ya magari wakipokea maagizo. Aliishi hivyo miaka mingi, na Bibi naye aliishi akichambua maharage yake mwenyewe na kutuonyesha mawe tuliyoyaacha sisi wenye macho mazuri.

Mwezi uliopita gari langu mwenyewe lilianza kunguruma mbele. Naishi Rwamishenye sasa, lami imefika, Muleba unakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Mwanangu wa kiume, aliyemaliza chuo, akasema ataifunga beringi mwenyewe hapo nyumbani. Aliegemeza simu kwenye ndoo, akavaa glavu kama daktari, akamfuata mzungu mmoja anayeongea lugha ambayo hata yeye haijui. Nilipotaka kumweleza jambo la nati, alinyoosha mkono. "Mama, subiri tangazo liishe." Siku hizi beringi huja ndani ya gamba lake, imeshalishwa grisi kiwandani, unafunga tu. Alimaliza kabla sijamaliza kupika, na sina budi kusema kazi ilikuwa safi. Nilizunguka naye mpaka uwanja wa ndege na kurudi, gari kimya kabisa. Nilimpongeza, na nilimaanisha.

Ila sufuria ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimepika ndizi za watu kumi bila kufikiri, kwa vile tu gari lilikuwa limefunguliwa uani. Kuta zetu ni ndefu, geti limefungwa, hakuna mzee aliyechungulia wala aliyeleta maoni kuhusu grisi. Nikamwambia mwanangu aende amwite jirani wa nyumba ya pili aje tule.

"Anaitwa nani?" aliniuliza.

Nilifungua mdomo nimjibu, nikagundua sijui. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka minne. Nikajifunga khanga, nikaenda kugonga mwenyewe.